BADEN-POWELL: ASKARI ALIYEWAFUNDISHA VIJANA KUWA TAYARI



Mjini Nyeri, katika nchi ya jirani zetu wa Kenya, lipo kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro. Katika makaburi ya kanisa hilo, upande unaoelekea Mlima Kenya, kuna kaburi moja ambalo watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama. Juu ya jiwe lake, pamoja na jina na tarehe, umechongwa mduara wenye nukta katikati. Mgeni asiyejua atadhani ni pambo tu. Lakini skauti aliyefundishwa alama za njiani ataisoma mara moja, kwa kuwa maana yake ni kwamba mwenzenu amekwisha kwenda nyumbani.

Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Wengi wetu tuliosoma katika shule za Tanzania tuliwaona skauti, na baadhi yetu tulivaa skafu shingoni na kufunga mafundo ya kamba kila alasiri ya michezo. Hata hivyo ni wachache wanaojua kwamba mtu huyu alikuwa askari wa farasi kwa muda wa miaka 34. Aliijua bunduki, aliujua mkuki, aliweza kulala porini na kunyatia adui gizani. Alipigana katika nchi za Waafrika wenzetu, na baadhi ya mambo aliyoyatenda huko si mazuri.

Nimeona vema tuyatazame maisha yake yote, mazuri na mabaya, kwa sababu ya swali ambalo wazazi hapa Ihanja huulizana. Je, kijana afundishwe kujihami? Afundishwe silaha? Ajue kuishi porini, au mambo hayo tuyaachie askari na majambazi? Baden-Powell aliyajua yote hayo kuliko watu wengi wa wakati wake. Ni vizuri tuone aliwafundisha watoto nini, na aliacha nini.

Mtoto asiye na baba

Robert alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa padre wa Kanisa la Uingereza na tena profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, Robert akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta, alibaki na kundi la watoto na fedha kidogo kuliko alivyozoea. Mama huyo hakukata tamaa. Aliwahimiza wanawe kujitegemea, na kaka wakubwa walimchukua mdogo wao katika safari za mashua na matembezi ya nchi kavu, wakilala nje na kujipikia wenyewe.

Mwaka 1870 Robert aliingia shule ya Charterhouse. Miaka miwili baadaye shule hiyo ilihamishwa kutoka London ikapelekwa Godalming, mahali penye miti na mashamba. Kando ya shule palikuwa na msitu mdogo ambao wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert aliingia. Huko alitega sungura, akawachuna na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi, ili walimu wasigundue alipo. Alijifunza kukaa kimya juu ya mti mwalimu akipita chini. Sisi walimu hatuwezi kumsifu mtoto kwa kuvunja sheria ya shule. Lakini lazima tukiri kwamba darasani hakuwa mwanafunzi wa ajabu, na kwamba somo lililomfaa maishani alilipata katika msitu ule.

Alitaka kwenda Oxford, akakataliwa. Basi akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1876 akapelekwa Bara Hindi akiwa afisa mdogo wa kikosi cha farasi. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Katika jeshi la mkoloni

Huko Bara Hindi alipenda kuwinda nguruwe mwitu kwa mkuki akiwa juu ya farasi, mchezo wa hatari uliopendwa na maofisa. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa upelelezi. Alifundisha askari wake kutembea usiku bila kelele, kusoma nyayo, kukadiria umbali, na kukumbuka walichokiona. Aliona kwamba askari wa kawaida aliyezoea kungoja amri alipotea mara alipoachwa peke yake. Kwa hiyo aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, akampa kila mtu kazi ya kufikiri. Mbinu hiyo ndiyo iliyozaa vikosi vya skauti baadaye.

Kisha alipelekwa Afrika mara kadhaa. Mwaka 1888 alikuwa katika nchi ya Wazulu, Waingereza walipopigana na Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo. Kutoka huko alichukua mkufu mrefu wa shanga za mbao uliokuwa wa Dinuzulu. Mwisho wa mwaka 1895 alikwenda na jeshi lililoingia Kumasi, nchi ambayo leo ni Ghana, kumwondoa mfalme Prempeh wa Waashanti. Mfalme huyo alipelekwa uhamishoni, mwishowe huko Shelisheli, ambako alibatizwa akawa Mwanglikana, na hakurudi kwao mpaka mwaka 1924.

Mwaka 1896 Baden-Powell alikuwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Wandebele na Washona walipoinuka kupinga utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo waandishi wengi wa zamani walilipita haraka. Mkuu mmoja aliyeitwa Uwini alitekwa akiwa na jeraha. Baden-Powell aliamuru ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, kisha akakubali apigwe risasi, na ikawa hivyo. Wakubwa wa Serikali ya Kiingereza wenyewe waliona jambo hilo halikufuata utaratibu, wakaunda baraza la uchunguzi. Baraza lile lilimwondolea lawama. Sisi tunaosoma leo hatufungwi na hukumu ya baraza la mkoloni. Uwini alikuwa mateka mikononi mwa waliomshinda.

Waalimu wake wa porini

Hata hivyo katika vita hiyohiyo ya Wandebele, kati ya mawe makubwa ya milima ya Matobo, Baden-Powell alipata elimu yake kubwa. Mmoja wa wenzake alikuwa Frederick Burnham, Mmarekani aliyejifunza mbinu za porini katika nchi za Wahindi Wekundu. Mwingine alikuwa Mwafrika, Jan Grootboom, mpelelezi ambaye Baden-Powell alimsifu kwa ushujaa na akili hata uzeeni mwake. Pamoja nao alijifunza kwamba jani lililoanguka mahali pasipo na mti wa aina yake linasema kitu. Alijifunza kuwa nyasi zilizolala zinaonyesha mtu alipita saa ngapi, na kwamba ndege wakinyamaza ghafula kuna sababu.

Wandebele wenyewe walimpa jina la Impeesa. Yeye alipenda kulitafsiri kuwa ni mbwa mwitu asiyelala, lakini neno lenyewe ni jina la fisi, mnyama atembeaye usiku. Watu wa Singida tunaomjua fisi na mambo yake tunaweza kucheka kidogo hapo.

Ndugu wasomaji, jambo hili nataka lishike katika mioyo yetu. Uskauti ulipoletwa Tanganyika, mwaka 1917, uliletwa kama kitu cha Wazungu, pamoja na kaptura za kaki na kofia pana. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi uliomo ndani yake ilitoka kwa Waafrika. Fimbo ndefu waliyoshika skauti wa kwanza, Baden-Powell aliona faida yake katika njia za misitu ya Waashanti, ilipotumika kupimia kina cha matope. Shanga mbili za mbao anazovaa kila kiongozi wa skauti aliyehitimu mafunzo ya juu asili yake ni mkufu ule wa Dinuzulu. Na kusoma nyayo je? Mtoto wa Kinyaturu aliyechunga ng'ombe tangu akiwa na miaka saba anajua ndama wake amepita wapi, na kama amepita asubuhi au jana. Anajua mti gani una kamba imara na matunda gani hayaliwi. Babu zetu walipekecha moto kwa ulindi na uwimbombo kabla kiberiti hakijaonekana. Elimu ile ilichukuliwa Afrika, ikaandikwa vitabuni London, ikarudi kwetu tukaiona ngeni.

Mafeking

Jina la Baden-Powell lilijulikana duniani kwa sababu ya mji mdogo wa Mafeking, Afrika ya Kusini. Vita ya Waingereza na Makaburu ilipoanza, mji huo ulizingirwa tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, yaani siku 217. Makaburu walikuwa wengi kuliko askari wake, wakiwa na mizinga mizuri kuliko yake. Baden-Powell aliutetea mji kwa hila zaidi kuliko kwa risasi. Aliamuru masanduku yazikwe kuzunguka mji kana kwamba ni mabomu. Aliwaambia askari wake wainue miguu juu wanapotembea kati ya mahandaki, kana kwamba wanaruka seng'enge, wakati seng'enge haikuwapo. Makaburu waliotazama kwa darubini waliamini.

Katika mji huo palikuwa na kikosi cha wavulana, kilichoundwa na Lord Edward Cecil, mmoja wa maofisa wake. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa miaka 13 aitwaye Warner Goodyear. Wavulana hao walipeleka barua na taarifa kati ya ngome na ngome, kwanza kwa punda, halafu kwa baiskeli, ili wanaume wabaki katika ulinzi. Baden-Powell aliwatazama na kutambua kwamba mtoto akipewa jukumu la kweli huwa mtu mzima kabla ya wakati wake.

Uingereza ilishangilia sana mji ulipookolewa. Baden-Powell akapandishwa cheo, akawa Meja Jenerali akiwa na miaka 43. Lakini kuna upande wa pili. Katika Mafeking Waafrika walikuwa wengi mara kadhaa kuliko Wazungu. Watu wa kabila la Barolong walishika bunduki na kuulinda mji pamoja na Waingereza. Chakula kilipopungua, Waafrika walipewa sehemu ndogo kuliko Wazungu, na wakimbizi weusi waliokuwa wageni mjini ndio walioteseka zaidi. Wengine walisukumwa watoke nje ya mji, wapite katikati ya Makaburu kwenda kutafuta chakula mbali. Wengi walikufa. Kijana mmoja Mwafrika, Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliandika habari za siku hizo katika daftari lake, nalo lilikuja kuchapishwa mwaka 1973. Plaatje ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichoitwa baadaye ANC. Shukrani kwake na kwa wengine, leo tunaijua Mafeking nzima.

Kambi ya Brownsea

Aliporudi Uingereza mwaka 1903, Baden-Powell alikuta jambo asilolitazamia. Kitabu kidogo alichowaandikia askari juu ya upelelezi, kilichotoka mwaka 1899, kilikuwa kinasomwa na wavulana na kutumiwa na walimu. Mwaka 1904 alialikwa Glasgow kukagua gwaride la Boys' Brigade, chama cha vijana wa kanisa kilichoanzishwa mwaka 1883 na William Smith. Aliona maelfu ya wavulana wenye nidhamu, akafikiri kwamba wangekuja wengi zaidi kama mafunzo yangekuwa na mvuto zaidi kuliko gwaride. Smith akamshauri akiandike upya kitabu chake kwa ajili ya watoto.

Mwalimu mzuri hujaribu somo kabla ya kuliandika, naye alifanya hivyo. Tarehe 1 Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wakapiga kambi kwa muda wa siku nane. Nusu walitoka katika shule za matajiri, nusu walikuwa watoto wa wafanyakazi. Wa kwanza walilipa paundi 1 kila mmoja, na wa pili shilingi 3 na peni 6. Aliwachanganya katika vikosi vinne, vilivyopewa majina ya wanyama na ndege, kila kikosi na kiongozi wake miongoni mwao. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoipata vitani katika nchi ya Wandebele. Kila siku palikuwa na sala, na kila siku ilikuwa na somo lake: maisha ya kambi, kuangalia kwa makini, mambo ya msituni, adabu na heshima, kuokoa maisha, na kupenda nchi. Usiku kikosi kimoja kililala peke yake mbali na wengine, kikijipikia na kuweka zamu ya ulinzi.

Mwaka 1908 kitabu chake cha vijana kilitoka kwa sehemu sita, na wavulana hawakusubiri watu wazima. Walijiunda wenyewe katika vikosi, wakatafuta mkubwa wa kuwaongoza. Kufikia mwaka 1910 Uingereza ilikuwa na skauti zaidi ya 100,000. Mwaka 1909, katika mkutano mkubwa wa London, wasichana nao walijitokeza wakiwa wamevaa sare waliyojitengenezea, wakasema kwamba wao pia ni skauti. Kutokana na hao ukaanza mwaka 1910 umoja wa Girl Guides chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka huohuo wa 1910 yeye aliacha jeshi, ili atumie maisha yake yaliyobaki kwa ajili ya vijana. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, nao wakapata watoto watatu.

Silaha, kujihami na pori

Sasa tulijibu swali la wazazi. Katika mafundisho yake ya mwanzo hakuficha kwamba kijana ajifunze kulenga shabaha. Skauti angeweza kupata beji ya ulengaji kama alivyoweza kupata beji ya upishi au ya kuogelea. Alihimiza pia ndondi, mieleka na mazoezi ya jujitsu ya Wajapani, ambayo humfundisha mtu dhaifu kutumia nguvu za mpinzani wake badala ya kumpiga.

Lakini tazama uzito aliouweka. Ili apande daraja la pili, skauti alitakiwa kuwasha moto wa kuni kwa njiti zisizozidi mbili. Alitakiwa kupika nyama na viazi viwili bila vyombo ila sufuria yake ndogo ya kambini. Alifuata nyayo kwa umbali wa nusu maili katika dakika 25. Au badala yake alionyeshwa vitu 24 kwa dakika moja, kisha akataja 16 kwa kukumbuka. Alikwenda maili moja kwa dakika 12, akichanganya kukimbia na kutembea ili afike bila kuishiwa pumzi. Alijua huduma ya kwanza, kufunga jeraha na kuzuia damu. Baadaye ilimpasa aogelee na kufanya safari ndefu kwa miguu, kisha aandike taarifa ya alichokiona njiani. Katika masharti hayo bunduki haikuwa ya lazima, ila moto, kamba, macho, miguu na bendeji.

Palikuwa na watu wenye nguvu waliotaka skauti wageuzwe kuwa jeshi la watoto. Baden-Powell alikataa. Alikuwa amewaona wavulana wakifa vitani, na alijua kwamba gwaride huweza kumfanya mtu asifikiri. Kila skauti alitoa ahadi ya kumtumikia Mungu na nchi yake, kuwasaidia watu wengine siku zote, na kufuata kanuni za skauti. Katika kanuni hizo ilimpasa awe rafiki wa wote na mpole kwa wanyama. Wito wa kuwa tayari maana yake si kuwa tayari kupigana. Ni kuwa tayari mtu anapozama, nyumba inapoungua, au mtoto anapopotea. Yeye mwenyewe, aliyewahi kuwa mwindaji hodari, alipozeeka alipenda kubeba kamera kuliko bunduki.

Udugu uliochelewa

Mwaka 1920 skauti wa nchi nyingi walikutana London kwa mara ya kwanza, miaka miwili tu baada ya Vita Kuu. Hapo Baden-Powell alitangazwa kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka 1929 mfalme alimpa cheo cha ulodi. Alikuwa akihubiri kwamba skauti wote ni ndugu, wa nchi yoyote na dini yoyote.

Hata hivyo huko Afrika ya Kusini vijana weusi hawakupokelewa pamoja na weupe. Walikuwa na chama chao peke yao kilichoitwa Pathfinders, tangu mwaka 1922. Baden-Powell alikwenda huko mwaka 1936, yakafanyika mapatano, lakini bado kila rangi ilibaki na tawi lake. Mpaka mwaka 1977 ndipo skauti wa nchi ile walipounganishwa. Mtu huyu aliandika kanuni nzuri kuliko alivyoweza kuitimiza. Je, kwetu sisi tunaosema kila Jumapili kwamba tu mwili mmoja, halijatokea jambo kama hilo?

Miaka ya mwisho

Mwaka 1937, akiwa na miaka 80, alihudhuria mkutano wa skauti huko Uholanzi, akawaaga vijana. Mwaka uliofuata yeye na mkewe walihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amemsaidia katika kazi ya skauti tangu mwanzo. Nyumba hiyo waliiita Paxtu. Hapo mzee alikaa akichora ndege na wanyama na kuandika vitabu vya mwisho. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, vita nyingine kubwa ikiendelea duniani na skauti wake wa zamani wakipigana pande zote mbili. Mkewe alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa pamoja na mumewe. Skauti wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuingia katika umoja wa skauti wa dunia mwaka 1963, na leo umoja huo una watu zaidi ya milioni 50. Marehemu Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa skauti alipokuwa mwanafunzi Tabora.

Tujifunze nini

Kwanza, ujuzi wa silaha peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Mkono uliolenga vizuri ndio ulioandika amri ya kifo cha Uwini, na mkono huohuo ndio ulioandika kanuni ya kumsaidia kila mtu. Tofauti haikuwa katika ujuzi bali katika kile ujuzi ulichotumikia. Nchi yetu ina utaratibu wake wa silaha. Sheria ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, na wanaofundishwa bunduki hufundishwa katika majeshi, JKT na mgambo chini ya amri. Sisi tuliopitia JKT tunakumbuka kwamba kabla ya kupewa risasi moja tulifundishwa kwa siku nyingi kubeba, kusafisha na kuheshimu bunduki. Gobore lililofichwa darini halimlindi mtoto. Humngoja aligundue siku wazazi wakiwa shambani.

Pili, kijana anaweza kufundishwa kujihami bila kufundishwa kudhuru. Binti anayetembea mbali kwenda shule ana haki ya kujua namna ya kujinasua, kupiga kelele, kukimbilia penye watu na kutoa taarifa bila aibu. Kijana anayechunga kuelekea mbuga za Wembere ana haki ya kujua akiumwa na nyoka afanye nini: atulie, asikate wala kunyonya jeraha, na afikishwe zahanati upesi. Elimu ya Kujitegemea tuliyoihubiri tangu mwaka 1967 ingekuwa pungufu bila mambo haya.

Tatu, walimu tunao. Mzungu mmoja alivuka bahari, akaketi na Jan Grootboom, akajifunza. Hapa Ihanja bado wapo wazee wanaosoma nyayo, wanaojua mizinga ya nyuki na miti ya dawa, wanaojua maji yapo wapi wakati wa kiangazi. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na kila mmoja anakwenda na maktaba yake. Vijana wetu wanajua kutumia simu, nalo ni jambo jema, lakini simu ikizimika porini hawajui kaskazini ni wapi.

Basi lingefaa jambo moja. Tarehe 22 Februari skauti duniani hukumbuka kuzaliwa kwa mwanzilishi wao. Parokia yetu ingeweza kuichukua Jumamosi iliyo karibu na siku hiyo, vijana wa kiume na wa kike wakatoka pamoja na wazee wawili au watatu na muuguzi mmoja, wakashinda porini mpaka jioni. Wajifunze nyayo, moto, kamba na kufunga jeraha, kisha wamalize kwa sala. Haihitaji fedha wala sare. Inahitaji mzee aliye tayari kufundisha na mzazi aliye tayari kumruhusu mtoto wake.

Nabii Isaya aliona siku ambayo panga zitafuliwa kuwa majembe. Baden-Powell hakulifua jembe lote, na panga lake liliacha majeraha Afrika. Lakini alianza kufua, na kazi iliyobaki ni yetu. Mungu awabariki vijana wetu, na awape wazee wetu umri wa kuwafundisha. Amina.